Kila faili na mwenyewe: historia ya mipangilio ya programu za wavuti, kutoka Mosoriot hadi leo

Leo tuache kidogo habari za lugha mpya za kuandikia programu, tuzungumzie jambo lisilo na sifa yoyote mjini lakini linalomkesha kila anayetunza seva: mipangilio. Nasema ile mistari inayoiambia programu hifadhidata iko wapi, neno la siri ni lipi, barua pepe zipitie seva gani, tarehe ziandikwe vipi. Si msimbo, wala si data ya wateja. Iko katikati, na kwa kuwa iko katikati, kila mtu huitupa pale anapoona nafasi.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza swali moja mara kwa mara: mbona programu moja ina mipangilio katika mahali sita tofauti? Mfano wanaoutoa karibu kila mara ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao ndio msingi wa mifumo ya kliniki nyingi hapa Kenya. Anayeufungua mara ya kwanza hukuta faili moja nje ya programu, nyingine ndani yake, nyingine ndani ya kila moduli, halafu jedwali zima ndani ya hifadhidata, na siku hizi folda iliyojaa CSV na faili za JSON juu yake. Anaamua papo hapo kwamba walioandika haya walikuwa watu wa fujo.

Mimi ni mzaliwa wa Endebess, chini ya Mlima Elgon, na historia ya mfumo huo ilipita karibu na kwetu. Kutoka Kitale hadi Eldoret, ambako mfumo huo ulianza kazi, ni kama kilomita 70 tu. Kwa hiyo nimejitwika kuisimulia. Dai langu ni moja: kila moja ya faili hizo ilizaliwa siku mtu fulani alipohitaji kubadilisha kitu bila kumngojea mtu mwingine. Ukimjua mtu huyo, utajua mpangilio wako uende wapi. Usipomjua, hata ukigawanya faili mia moja bado utapotea.

Kwa sisi wa Trans-Nzoia mfano si mgumu. Mbegu ya mahindi inatoka kiwandani Kitale katika mfuko ule ule. Lakini mkulima wa Endebess na mkulima wa Kimilili hawapandi siku moja, wala hawatii mbolea kiasi kimoja. Kampuni ya mbegu haiwezi kuandika siku ya kupanda ndani ya punje. Msimbo ndio mbegu. Mipangilio ndiyo yale ambayo mwenye shamba peke yake anayajua.

Faili tatu za seva ya kwanza

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu kosa la kwanza lilifanyika mbali. Mwaka 1993 kituo cha NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, kilitoa seva ya wavuti iliyoitwa HTTPd, iliyoandikwa na Rob McCool. Mipangilio yake iligawanywa katika faili tatu. httpd.conf ilihusu seva yenyewe: isikilize mlango gani, iendeshwe kwa jina la nani. srm.conf ilihusu nyaraka: zinapatikana wapi na zinaitwaje. access.conf ilihusu ruhusa: nani aone nini.

Kwenye karatasi ni mgawanyo mzuri kabisa. Mradi wa Apache ulipoanza mwaka 1995 kutokana na msimbo huo huo, ulirithi na faili zake tatu. Tatizo ni kwamba seva haikujali mstari uko katika faili ipi. Amri ya ruhusa ukiiweka ndani ya httpd.conf inafanya kazi. Ukiiweka ndani ya srm.conf inafanya kazi vile vile. Mpaka kati ya faili hizo ulikuwa adabu tu, na adabu bila mlinzi haidumu. Tena aliyezihariri zote tatu alikuwa mtu mmoja, msimamizi wa seva. Kugawanya kazi ya mtu mmoja katika faili tatu kulimpa kazi ya kutafuta. Kuanzia toleo la 1.3.4, mwaka 1999, Apache ikaweka kila kitu ndani ya httpd.conf, na zile mbili nyingine zikabaki tupu.

Ungedhani hadithi imeisha: faili moja ndiyo jibu. La. Apache 2 ilipoingia Debian, waliotayarisha mfumo huo waliigawanya tena, lakini kwa kanuni nyingine: kila tovuti na faili yake, ndani ya folda sites-available, na ile inayotumika inaunganishwa ndani ya sites-enabled. Mgawanyo huu upo mpaka leo na watu wanaupenda. Mbona wa kwanza ulishindwa na wa pili ukashinda? Wa kwanza uligawanya kwa mada. Wa pili uligawanya kwa mwenyewe. Tovuti ya idara moja ikiondoka, faili yake inaondoka nayo, na ya jirani haiguswi.

Na kulikuwa na faili nyingine iliyopona mabadiliko yote hayo: .htaccess, inayokaa ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Inapunguza kasi ya seva na wataalamu wanaisema vibaya, lakini haikufa. Sababu ni kwamba ilimpa mwanafunzi mwenye folda yake kwenye seva ya chuo uwezo wa kubadilisha mambo yake bila kumpigia msimamizi magoti. Shikilia jambo hilo, tutalihitaji tukifika kwetu.

Mosoriot, kisha Eldoret

Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kulianza kutumika mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa kompyuta ulioitwa MMRS. Uliundwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, na ulijengwa kwa Microsoft Access. Kwa kituo kimoja cha mashambani ulitosha.

Mwaka huo huo ukaanza mpango wa AMPATH wa kutibu watu wenye virusi vya Ukimwi, makao yake yakiwa Eldoret, na mfumo wa Mosoriot ukachukuliwa ukapanuliwa ili kuutumikia. Kliniki zikaenea: Turbo, Burnt Forest, Webuye kule Bungoma, Kitale. Daktari au afisa wa kliniki alijaza fomu ya karatasi, fomu zikasafirishwa hadi Eldoret, na makarani wa data wakaziingiza kwenye kompyuta. Wagonjwa wakafika makumi ya maelfu, na Access ikaanza kuelemewa.

Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Regenstrief, wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, wakaanzisha mradi wa programu huria ulioitwa OpenMRS. Februari 2006 ukawashwa Eldoret kwa wagonjwa wa AMPATH. Agosti mwaka huo huo ukawashwa Rwinkwavu, Rwanda, kwa mikono ya Partners In Health. Uliandikwa kwa Java, ukiwa na Spring na Hibernate ndani yake, MySQL chini yake na Tomcat ikiubeba.

Hapo ndipo mipangilio ilipogeuka kuwa suala zito. Msimbo sasa ni mmoja, na wenyewe ni wengi, katika nchi tofauti.

Faili ya msimamizi wa seva

Programu ya wavuti ya Java husafirishwa ndani ya kifurushi kimoja chenye mwisho wa .war. Ukitaka toleo jipya unaweka kifurushi kipya, na Tomcat hufuta cha zamani pamoja na kila kilichokuwa ndani. Sasa fikiria neno la siri la hifadhidata ya wagonjwa wa Eldoret limeandikwa ndani ya kifurushi hicho. Kwanza, kila toleo jipya lingelifuta. Pili, Rwinkwavu wangepokea kifurushi chenye neno la siri la Eldoret. Tatu, msimbo wa OpenMRS uko wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo neno hilo lingesomwa na yeyote mwenye intaneti.

Ndiyo sababu ya faili ya kwanza, openmrs-runtime.properties, inayokaa nje ya kifurushi, ndani ya folda ya mtumiaji anayeendesha Tomcat. Haina maneno mengi:

connection.url=jdbc:mysql://localhost:3306/openmrs
connection.username=jina
connection.password=siri

Mwenyewe ni msimamizi wa seva. Wengine hawana haja ya kuiona. Na kuna ujanja mdogo ambao wengi hawaujui: jina la faili hufuata jina la programu ndani ya Tomcat. Ukiweka kifurushi kile kile mara ya pili na kukiita mafunzo.war, kitatafuta mafunzo-runtime.properties. Hivyo seva moja inaweza kubeba mfumo wa wagonjwa halisi na mfumo wa kufundishia makarani wapya, kila mmoja na hifadhidata yake, bila msimbo kuguswa hata mstari mmoja. Kanuni ndogo ya jina ikafanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji kompyuta ya pili, na kompyuta ya pili wakati huo haikuwa kitu cha kuokota njiani.

Jedwali la msimamizi wa kliniki

Lakini msimamizi wa seva hawezi kuwa kila mahali. Kliniki ina mtu wake, aghalabu karani mkuu wa data, ambaye hajui Linux na hana sababu ya kuijua. Yeye ndiye anayejua matokeo ya utafutaji yaonyeshwe mangapi kwa ukurasa, au aina gani ya namba ya mgonjwa ionekane kwanza. Kumwambia aingie kwenye seva, ahariri faili na kuiwasha Tomcat upya saa nne asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, ni kumtafutia balaa.

Kwa hiyo OpenMRS ina jedwali liitwalo global_property ndani ya hifadhidata: jina la mpangilio, thamani yake, na maelezo. Linahaririwa kwa kivinjari, na sehemu kubwa ya mabadiliko huanza kazi bila kuzima kitu. Hii ndiyo .htaccess ya hospitali: mtu wa mahali pale kupewa uwezo juu ya mambo yake.

Safu ya maelezo ndiyo nguzo ya jedwali zima. Faili huweza kuwa na mistari ya maoni, jedwali haliwezi. Bila safu ile, baada ya miaka mitano hakuna ajuaye thamani ya 7 iliwekwa kwa sababu gani.

Hata hivyo jedwali lina hatari ambayo faili haina, na hapa nakuomba usome polepole. Mipangilio iliyo ndani ya hifadhidata husafiri pamoja na hifadhidata. Fikiria mtu ananakili hifadhidata ya kliniki na kuiweka kwenye mashine ya majaribio. Amechukua anwani ya seva ya barua pepe, amechukua akaunti ya kutumia ujumbe mfupi, na amechukua kazi za kila usiku, kwa sababu ratiba ya kazi hizo nayo huhifadhiwa kwenye hifadhidata. Usiku unafika, mashine ya majaribio inaamka na kufanya ilivyoagizwa: inamtumia mgonjwa halisi ujumbe wa kumkumbusha kliniki kwa tarehe ya uongo. Katika ugonjwa ambao watu wengi bado wanaficha, ujumbe kama huo ukisomwa na asiyehusika unaweza kuvunja nyumba. (Kunakili majina ya wagonjwa kwenye mashine ya majaribio ni kosa jingine kubwa, lakini hilo lina siku yake.)

Kwa hiyo chochote kinachotofautisha mashine na mashine, hasa kinachogusa dunia ya nje, kikae kwenye faili ya msimamizi wa seva. Kinachotofautisha kliniki na kliniki ndicho kikae kwenye jedwali. Mpaka huu mmoja, ukiulinda, utakuokoa kuliko zana zote.

Faili za mwandika programu

Sasa moduli. OpenMRS huongezewa uwezo kwa vifurushi vidogo vyenye mwisho wa .omod. Ndani ya kila kimoja kuna config.xml inayotaja jina la moduli, toleo lake, moduli nyingine inazozitegemea, ruhusa inazozileta, na mipangilio ya jedwali inayohitaji pamoja na thamani za kuanzia. Kuna pia moduleApplicationContext.xml, ambayo huiambia Spring sehemu za moduli ziunganishwe vipi.

Uzuri wake ni kwamba programu kuu haina orodha ya moduli. Inachosema ni: nikusanyieni kila faili yenye jina moduleApplicationContext.xml popote ilipo. Kwa njia hiyo mwandishi wa Kenya na mwandishi wa Rwanda wanaweza kutengeneza moduli wiki moja bila kugombania faili moja. Wanaofanya kazi kwa vikundi wanalijua jambo hili: faili ya mipangilio inayohaririwa na kila mtu ndiyo inayoleta migongano mingi zaidi wakati wa kuunganisha kazi.

Lakini faili hizi si za msimamizi wala karani. Zinahusu jinsi msimbo ulivyoshikana, na kuzibadilisha ni sawa na kubadilisha msimbo. Ndiyo maana zimefungiwa ndani ya kifurushi. Miaka ile ya mwanzo wa 2000 kulikuwa na mtindo wa kuita kila kitu kilicho ndani ya XML "mipangilio", eti kwa sababu hakihitaji kukusanywa upya. Huo ulikuwa udanganyifu. Kama hakuna anayeweza kukibadilisha ila mwandika programu, basi ni msimbo uliovaa kanzu ya XML.

Maswali ya daktari nayo ni mipangilio

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni kamusi ya dhana. Katika mfumo uliojengwa kwa njia ya kawaida, kila swali la fomu lina safu yake kwenye jedwali: uzito, joto, aina ya dawa. Daktari akitaka swali jipya, mwandika programu anabadilisha jedwali na kurasa zote zinazohusika. Katika mpango wa Ukimwi, ambako miongozo ya matibabu ilikuwa ikibadilika kila mara, hilo halikuwezekana.

OpenMRS ilifanya swali lenyewe kuwa data. Unaongeza dhana "uzito", unasema ni namba na kipimo chake ni kilo, na kuanzia hapo fomu yoyote inaweza kuiuliza. Hivyo mwenye mipangilio hii ni mtaalamu wa afya, ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa Java.

Mafanikio hayo yalizaa tatizo jipya, nalo likajitokeza hapa Kenya. Kuanzia mwaka 2012 ulijengwa mfumo wa KenyaEMR juu ya OpenMRS, kwa kazi ya Wizara ya Afya na shirika la I-TECH la Chuo Kikuu cha Washington, nao ukapelekwa katika mamia ya vituo. Kliniki moja ikiwa na hifadhidata moja, ni sawa kuhariri dhana kwa kivinjari. Vituo mamia, vingi vikiwa na seva yake chumbani na intaneti ya kubahatisha, utahariri vipi? Na utajuaje kwamba "mama mjamzito" wa Lodwar na wa Kitale ni dhana ile ile, ili takwimu zikijumlishwa Nairobi zisidanganye?

Jibu la KenyaEMR lilikuwa kuziingiza dhana, fomu na mipangilio ya taifa ndani ya moduli zenyewe, ili zifike pamoja na toleo jipya. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana moduli ya Metadata Deploy ambayo wengine pia waliitumia. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya Mekom ikaleta moduli ya Initializer iliyofanya jambo rahisi zaidi: folda moja iitwayo configuration, na ndani yake folda ndogo kwa kila fani, za dhana, za mahali, za majukumu na nyinginezo, kila moja na CSV zake. Programu ikiwaka, inazisoma kwa mpangilio maalumu, na ile ambayo haijabadilika tangu mara ya mwisho inarukwa.

Tazama tulivyozunguka. Mipangilio ilitoka kwenye faili ikaenda kwenye hifadhidata ili mtu wa kliniki aishike, kisha ikarudi kwenye faili ili nchi nzima iweze kuikagua na kuihifadhi toleo kwa toleo. CSV ilichaguliwa kwa sababu mtaalamu wa afya anaweza kuifungua kwa programu ya majedwali aliyoizoea. Mwenyewe hajabadilika.

Ushahidi: kiolezo na faili halisi

Si Eldoret peke yake. Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi ili raia waripoti yaliyokuwa yakitendeka na ripoti zionekane kwenye ramani. Baadaye ikaandikwa kwa PHP juu ya mfumo wa Kohana na kutolewa bure, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na hapa nyumbani katika kura ya maoni ya katiba Agosti mwaka huo kwa jina la Uchaguzi.

Kohana ilikuwa na desturi nzuri: kila suala na faili yake, na faili zenye jina moja hupangwa kwa ngazi. Kuna ya mfumo, juu yake ya moduli, juu yake ya programu; iliyo juu hushinda. Huhitaji kuandika upya mistari mia moja ili kubadilisha mmoja. Nayo Ushahidi ikasambaza kiolezo cha faili ya hifadhidata, si faili yenyewe. Aliyeisimika alipata nakala yake na kuijaza. Kiolezo kinawekwa hadharani kimfundishe mgeni nini kinahitajika. Faili iliyojazwa inabaki kwa mwenyewe. Siku hizi kila mtu anafanya hivyo na .env.example, na kudhani ni jambo la juzi.

Na mwaka 2011 Adam Wiggins wa Heroku akaandika kanuni zake kumi na mbili, mojawapo ikisema mipangilio ikae kwenye vigezo vya mazingira ya mfumo endeshi. Kwa maneno ya siri na anwani za seva ni ushauri mzuri. Lakini nimewaona watu wakitaka kusukuma humo kila kitu, hadi orodha za wadi na za dawa. Kigezo cha mazingira mwenyewe ni msimamizi wa seva. Muuguzi hana mlango wa kuingilia humo.

Kwa nini haya ni ya leo

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya Ukimwi nchini Kenya ikajikuta haina fedha kwa ghafla. Sehemu kubwa ya watu waliokuwa wakitunza mifumo ya rekodi vituoni walilipwa kupitia miradi hiyo. Walipoondoka seva zilibaki. Data ilibaki. Wagonjwa nao walibaki na tarehe zao za kuchukua dawa.

Anayeachiwa funguo katika hali hiyo ni kijana mmoja wa kaunti mwenye vituo kumi vya kuzunguka. Hatamwuliza aliyeandika, kwa sababu hayupo. Atafungua folda. Kama amekuta faili iliyogawanywa kwa mwenyewe, ndani ya saa moja atajua lipi ni lake, lipi ni la wizara, lipi asiliguse. Kama amekuta neno la siri ndani ya msimbo, anwani ya seva ya ujumbe ndani ya jedwali, na mistari mitatu inayopingana katika faili tatu, atafanya ambacho wengi wetu tungefanya: ataacha ilivyo, na siku itakapozima, kliniki itarudi kwenye karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ni historia ya matibabu ya mtu, na mipangilio ndiyo inayoonyesha daftari liko wapi.

Basi kabla hujafungua faili mpya ya mipangilio katika mradi wako, jiulize haya:

1. Nani atakayebadilisha jambo hili: mwandika programu, msimamizi wa seva, mtu wa ofisini au mtaalamu wa fani? Faili ni ya huyo.
2. Je, linatofautiana kati ya mashine ya majaribio na ya kazi? Basi lisikae ndani ya hifadhidata.
3. Je, ni siri? Toa kiolezo, usitoe faili.
4. Likiandikwa mahali pawili, ni lipi linaloshinda? Kanuni hiyo iandikwe, na iwe moja kwa mradi mzima.
5. Asiyekujua akiisoma faili hii baada ya miaka kumi, ataelewa sababu ya thamani uliyoweka?

Idadi ya faili usiisumbukie. Mbili zaweza kutosha, ishirini zaweza kufaa. La maana ni kwamba jina la mwenyewe lijulikane hata kama halijaandikwa juu yake. Kama unatunza seva ya kituo chochote cha afya, fungua leo ile folda, tafuta mstari mmoja usio na maelezo, na uandike sababu yake ungali unaijua.